Unaozea Bandani!

Unangoja nini?

Nakuuliza wewe. Wewe mwenye cheti kabatini, ujuzi mikononi na mipango tele kichwani, ambaye kila Ijumaa unasema, "Wiki ijayo naanza." Wiki ijayo ipi? Ile ya mwaka jana? Ile ya baada ya sikukuu? Ile itakayokuja mambo yakitulia? Mambo yatatulia lini, nawe unayaona dunia nzima yanavyokwenda?

Mimi ni mzee mstaafu. Ujana wangu wote uliishia chini ya matumbo ya ndege za kivita, mikono ikinuka mafuta, masikio yamezibwa kuyakinga na ngurumo, macho yakisaka ufa ambao wewe usingeuona hata ungeonyeshwa kwa kidole. Sikuwahi kurusha hata ndege moja. Kazi yangu ilikuwa kuzikagua, kuzitengeneza, kuzitilia sahihi, kisha kusimama kando zikienda zake.

Watu wakiniuliza habari za kazi hiyo hutaka kusikia mabomu. Mimi nataka kuwaambia habari za ndege iliyokaa.

Kuruka huichosha ndege. Kukaa huiua.

Chukua ndege ya kivita nzima, mpya, isiyo na mkwaruzo. Iingize bandani, funga mlango, ondoka. Rudi baada ya miezi kadhaa, uniambie umekuta nini. Tairi zimebonyea upande uliobeba uzito wote bila kusogea. Ndiyo maana fundi mwenye akili huzungusha magurudumu ya ndege iliyoegeshwa, yasizoee kulalia ubavu mmoja. Mipira inayozuia mafuta ya haidroliki imekauka, kwa sababu hulainishwa na mafuta yanayopita, na hakuna kilichopita. Ndani ya tangi, unyevu wa hewa umegeuka maji, tone kwa tone, na pale maji yanapokutana na mafuta vijidudu vimeota utando unaoziba vichungi na kulila bati la tangi. Kijibomba cha kupimia mwendo kilichoachwa wazi, nyigu amekiona, akajenga nyumba ya udongo humo.

Hakuna aliyeipiga risasi.

Hakuna aliyeigonga.

Imekaa tu.

Sasa nisikilize vizuri. Kile kipaji unachojisifia kwa marafiki, mara ya mwisho ulikigusa lini? Ile lugha uliyojifunza, uliizungumza lini? Ile kozi ya ushonaji, ya umeme, ya uhasibu, imekupa nini zaidi ya picha ya mahafali ukutani? Unajifariji kwamba uwezo wako upo, umetulia, unakungoja, na siku ukiutaka utauchukua.

Nani kakwambia unakungoja?

Unakauka. Unabonyea upande mmoja. Unaota utando. Na kadiri unavyousifu bila kuutumia ndivyo utakavyoshangaa siku ukijaribu kuuwasha usiwake.

Najua utanijibu nini. Vijana waliletwa kwangu mwaka baada ya mwaka wafundishwe kazi, na visingizio vyao vilifanana utadhani walipewa pamoja na sare. Lete vyako, tuvipange mezani kimoja kimoja.

"Sina elimu ya kutosha."

Charlie Taylor alikuwa nayo? Mwaka 1901 Taylor aliajiriwa Dayton, Ohio, na ndugu wawili waliokuwa na duka la baiskeli, Wilbur na Orville Wright. Ndugu hao walipofikia hatua ya kuhitaji injini ya ndege, waliwaandikia watengenezaji wa injini. Hakuna aliyekuwa tayari kuwapa injini nyepesi na yenye nguvu waliyoitaka. Basi wakamgeukia fundi wao wa baiskeli. Taylor mwenyewe alikuwa amewahi kugusa injini ya petroli pale tu alipojaribu kurekebisha ya gari moja. Michoro kamili haikuwapo. Walichora kipande kimoja kwenye karatasi, yeye akaibandika karatasi juu ya meza yake ya kazi, akakitengeneza, wakachora kingine. Vifaa vyake vikubwa vilikuwa mashine ya kukereza na mashine ya kutobolea. Krankishafti aliichonga kutoka kwenye pande zima la chuma.

Kwa wiki sita injini ikawa tayari. Kasha lake lilipopasuka kwenye majaribio, likatengenezwa jingine. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, ikamwinua mtu hewani.

Wiki sita!

Wewe wiki sita zilizopita ulikuwa wapi? Umetengeneza nini tangu hapo? Hata karatasi moja umebandika juu ya meza yako?

"Sina mtaji."

Haya. Mwaka 1909 jeshi la Marekani liliinunua kwa ndugu Wright ndege ya kwanza ya kijeshi duniani, kwa dola 30,000. Mwaka uliofuata ndege hiyo ilipelekwa San Antonio, Texas, pamoja na luteni mmoja mwembamba, Benjamin Foulois, ambaye alikuwa hajawahi kuruka peke yake wala kutua kwa mkono wake. Amri aliyopewa ni kwamba akajifundishe mwenyewe. Fedha za kuitunza ndege? Dola 150.

Soma tena. Dola 30,000 za kununua, dola 150 za kutunza.

Wewe ungeandika barua ya malalamiko. Ungeitisha kikao. Ungekaa kantini ukisimulia jinsi wakubwa wasivyojali, na watu wangekuitikia kwa kichwa, na ndege ingekaa.

Foulois alikusanya askari wake wachache na fundi mmoja wa kiraia, wakaiunga ndege. Tarehe 2 Machi 1910 aliruka peke yake kwa mara ya kwanza, akatua kwa mara ya kwanza, na jua halijazama akawa ameivunja. Akaitengeneza. Alipokwama aliwaandikia ndugu Wright barua akieleza kilichotokea, akangoja posta, akasoma jibu, akajaribu tena. Siku alipokaribia kutupwa nje ya kiti, alikwenda kwa mshona matandiko ya farasi akatengenezewa ukanda wa ngozi, akajifunga nao. Zile dola 150 zilipokwisha, alitia mkono mfukoni mwake mwenyewe. Huyo huyo baadaye akawa mkuu wa kikosi kizima cha anga cha jeshi la Marekani.

Mwalimu wake alikuwa posta! Wewe una simu inayokuonyesha fundi yeyote wa dunia hii akifanya kazi yake hatua kwa hatua, na unaitumia kutazama watu wakizozana. Kisha unaniambia huna mtaji?

Mchagua jembe si mkulima. Una jembe gani leo? Hilo hilo. Lima.

"Kazi ninayopewa ni ndogo, hainifai."

Hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Unajua nilipewa nini nilipofika kambini na cheti changu cha ufundi wa injini? Nilipewa kiraka cha lami nikitembelee. Alfajiri, baridi ikiuma vidole, tulipangwa mstari mmoja, bega kwa bega, wa vyeo vya chini kando ya wa vyeo vya juu, tukatembea taratibu vichwa vimeinama. Kokoto, okota. Kipande cha waya, okota. Bolti, okota, na uulize imetoka wapi. Nikajiuliza kama nimesomea kuokota takataka.

Kisha nikaonyeshwa ndani ya injini ya F-5. Ndege hiyo ina injini mbili ndogo za J85, na mhimili wa kila moja huzunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika moja. Mdomo wake wa kuvutia hewa hauchagui. Kijiwe ulichoona uvivu kukiinamia kikivutwa humo hukata mapanga ya injini, panga moja likikatika hukata yaliyo nyuma yake, na rubani aliyekuamini yuko juu.

Tangu siku hiyo sikuona tena kazi ndogo. Niliona kazi iliyofanywa na kazi iliyoachwa.

Sajenti wangu wa kwanza alikuwa na mtindo wa kunifundisha kufunga waya wa usalama nikiwa nimefumba macho. Waya ule ni mwembamba. Unaupitisha kwenye tundu la kichwa cha bolti, unausokota, unaufunga kwenye bolti ya jirani ili mtetemo wa injini usizilegeze. Lakini una siri yake. Ukiupitisha vibaya, waya wenyewe unaisaidia bolti kufunguka. Lazima uvute upande wa kukaza. Ninafumba macho, ninapapasa kwa ncha za vidole, ninasikia waya umeelekea wapi. Nikikosea, anaukata bila kusema neno, ananipa mwingine. Bila neno! Anakata, ananipa. Anakata, ananipa. Mpaka vidole vikajua.

Nakuuliza: watu unaozunguka nao, mazoea yako ya usiku, vitu unavyovisoma, vinakuvuta upande gani? Wa kukaza au wa kufungua? Usinijibu mimi. Papasa mwenyewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tuliinama kweli kweli, mgongo chini, mafuta yakidondokea shavuni. Wewe unataka cha mvunguni, na hutaki suruali ichafuke!

"Nangoja mpango ukamilike kwanza."

Utangoja mpaka lini? Mwaka 1940, vita vikiwa juu ya anga la Uingereza, marubani wa ndege za Spitfire na Hurricane walikuwa na tatizo la kutisha. Wakiinamisha pua ya ndege ghafla kumfukuza adui, injini ya Merlin ilikatika, kwa sababu kabureta haikuweza kuyatawala mafuta katika mwendo ule. Adui, ambaye injini zake zilipuliziwa mafuta moja kwa moja, aliinama na kukimbia zake. Suluhisho kamili lilikuwa kabureta ya aina nyingine kabisa, na hiyo ilihitaji muda.

Muda haukuwapo.

Mhandisi mmoja wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Beatrice Shilling, mwanamke aliyekuwa akishindana kwa pikipiki kwenye uwanja wa Brooklands na kupita maili 100 kwa saa, alibuni kidude kidogo cha chuma chenye tundu katikati. Kazi yake ni kupunguza mafuta yanayopita, injini isizame. Basi! Hakikumaliza tatizo lote. Rubani hakuweza kukaa kichwa chini kwa muda mrefu. Lakini kiliwarudisha vitani. Mapema mwaka 1941 Shilling na timu ndogo walizunguka kambi kwa kambi wakikifunga kwenye ndege, bila kuziondoa kazini.

Mama huyo hakukaa ofisini akisubiri kabureta mpya. Alitazama kilicho mbele yake, akauliza, "Leo naweza kuokoa nini?" Akaokoa hicho.

Wewe leo unaweza kuokoa nini?

Dada yangu, na wewe uliyeambiwa spana si ya mwanamke, umesikia?

"Walisema sitaweza."

Nani? Waliosema ni nani kwako? Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti rasmi iliyomdharau askari mweusi, akili yake na ushujaa wake, kwa maneno ya kitaalamu. Ripoti, ndugu yangu, si porojo za jirani. Na mwaka 1941 kilipoundwa kikosi cha kwanza cha ndege za kivita cha watu weusi, wengi walikitazama kama jaribio litakaloshindwa lenyewe.

Kabla rubani wa kwanza wa kikosi hicho hajapata mabawa yake, mafundi wake walikuwa tayari darasani, Chanute Field, Illinois, wakijifunza injini, redio, silaha, vyuma. Nchi iliyowatenga kwenye mabasi na mikahawa iliwapa spana. Wakazishika. Mwaka 1943 walifika Afrika Kaskazini, wakaenda Sisilia, wakaingia Italia, na marubani waliofundishwa katika mji wa Tuskegee wakaruka ndege zenye mikia myekundu ambazo usiku uliopita zilikuwa mikononi mwa mafundi hao. Kila ndege iliyopaa ilikuwa jibu. Kila ndege iliyorudi ilikuwa jibu. Mwaka 1948 Rais Truman akaamuru ubaguzi ukome katika majeshi.

Hawakuijibu ripoti kwa ripoti. Waliijibu kwa ndege zilizowaka asubuhi.

Wewe unajibu kwa nini? Kwa hasira? Kwa hadithi ya jinsi mwalimu wa darasa la sita alivyokuita mjinga? Bado unabeba sauti ya mtu ambaye hata jina lako amelisahau! Itue. Shika kazi.

Imani ni nini basi? Fundi haamini ndege kwa sababu anaipenda. Anaiamini kwa sababu ameipima. Nawe utajiamini vivyo hivyo. Usikae mbele ya kioo ukijisemesha maneno matamu. Fanya jambo gumu leo, ulimalize. Kesho fanya lingine. Ukifika mwezi, moyo wako utakuwa na ushahidi, na moyo wenye ushahidi hautishwi na porojo.

Na hapa sitakuonea haya. Katika jeshi la anga la Marekani, hitilafu ya kuhatarisha maisha ikiandikwa kwenye daftari la ndege, huwekewa alama nyekundu ya X. Haijalishi rubani ana nyota ngapi mabegani. Ndege haiondoki mpaka aliyeruhusiwa aikague kazi na kuifuta alama hiyo kwa jina lake. Kwetu nasi sheria ilikuwa moja: ndege ipo tayari au haipo tayari. "Karibu tayari" haimo kwenye daftari.

Wewe maisha yako yote ni "karibu."

Karibu nimalize. Karibu nianze. Karibu niache pombe. Karibu nirudi shule.

Nani ataruka na karibu yako?

Jioni kazi ikiisha, kila kisanduku cha vifaa hurudi kuhesabiwa. Kila kifaa kina nafasi yake iliyochorwa umbo lake, spana kwa spana, bisibisi kwa bisibisi, hata usingizi ukikushika jicho litaona palipo tupu. Palipo tupu pakionekana, ndege haitoki. Paneli zinafunguliwa upya, tochi zinawashwa, watu wanalala chini wakitafuta, hata iwe usiku wa manane, hata iwe bisibisi ya bei ya chai. Na yule aliyesema mapema, "Afande, kimoja hakipo," hupewa mkono, kwa sababu ameokoa mtu.

Unajua nafasi iliyo tupu kwenye maisha yako. Unaijua! Kila usiku unafunga kisanduku haraka haraka usiione. Ni nidhamu? Ni deni? Ni mtihani uliouacha nusu? Sema. Washa tochi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta unagharimu miaka.

Kisha kuna uvivu wa aina nyingine, ule wa wenye ujuzi. Nawe uliyefika, usidhani nimekusahau.

Tarehe 23 Februari 2008, kisiwani Guam, ndege ya B-2 ya Marekani, mojawapo ya ndege ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja, ilianguka ilipokuwa ikipaa. Marubani wawili walijirusha, wakapona. Uchunguzi ulionyesha unyevu ulikuwa umeingia kwenye vihisi vya hewa, vikapimwa vikiwa na maji, kompyuta ikadanganyika kuhusu mwendo na pembe ya ndege. Linaloumiza ni hili: miaka miwili kabla, baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamegundua dawa yake. Vipashe moto vihisi kwanza, maji yakauke, ndipo upime. Dakika chache tu! Lakini maarifa hayo yalipita mdomo kwa mdomo, hayakuandikwa kwenye utaratibu rasmi, na waliokuwa kazini asubuhi ile hawakuyajua.

Maarifa nayo huozea bandani.

Unajua kitu ambacho kijana wa mtaani kwenu angekihitaji kesho asubuhi, na umekifungia kichwani. Kwa nini? Unaogopa atakupita? Mwache akupite! Andika. Fundisha. Mwite mmoja Jumamosi, mpe kiti, mwonyeshe. Nilistaafu nikiwa na vijana waliofunga waya vizuri kuliko mimi, na hiyo ndiyo nishani ninayoivaa bila sare.

Bado una kisingizio kimoja. Nakiona kimejificha nyuma ya mgongo wako.

"Nimechelewa. Umri umekwenda."

Umekwenda wapi?

Ndege ya mwisho ya B-52 ilikabidhiwa kwa jeshi la Marekani mwaka 1962. Ilikuwa kabla Kenya haijapata uhuru. Mpaka leo B-52 zinaruka, na mpango ni kuzifunga injini mpya zifike miaka ya 2050. Huhitaji kwenda mbali. F-5 zilifika Kenya mwaka 1978, na mwaka 2011 Kenya ilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, zaidi ya miaka 30 baadaye, ndege za aina hiyo zilikuwa bado kazini. Siri ni nini? Kila baada ya saa kadhaa za kuruka zilifunguliwa, kilichochakaa kikatolewa, kilichopasuka kikabadilishwa, zikafungwa, zikarudi angani. Hakuna aliyeziuliza mwaka wa kuzaliwa. Waliziuliza: umekaguliwa?

Una miaka 40? Kagua. Una 55, una cheti kilichopitwa na wakati? Badilisha kipande hicho, uendelee na vilivyobaki. Una 23 na unajiita umechelewa? Inuka hapo, usinitie aibu!

Nitakuambia jambo moja chungu, maana nisingekuwa mkweli nikikuahidi makofi. Charlie Taylor, yule wa wiki sita, alikufa mwaka 1956 akiwa na miaka 87, baada ya umaskini uliomfikisha kwenye wodi ya wasiojiweza. Marubani walijengewa sanamu. Fundi alisahauliwa. Leo mamlaka ya anga ya Marekani huwatunuku mafundi waliotumikia miaka 50 tuzo yenye jina lake, lakini yeye hakuiona.

Je, basi asingeitengeneza ile injini?

Jibu hilo kabla hujaendelea kusoma. Kama unafanya kazi ili upigiwe makofi, utaacha siku makofi yatakapokatika, na yatakatika. Mimi nilisimama kando ya lami miaka mingi, ndege inapaa, watu wanampungia rubani, hakuna aliyegeuka kunitazama. Sikupungukiwa kitu. Nilijua kilichoiinua. Jina langu lilikuwa kwenye daftari, na ndege ilikuwa hewani, na mambo hayo mawili yalitosha kunilaza usingizi mzuri.

Usingizi wako ukoje?

Basi maneno yamekwisha. Sikukuita hapa nikuburudishe. Ukifunga ukurasa huu ukasema "makala nzuri," kisha ukarudi ulikokuwa, umenipotezea muda wangu na wako.

Chukua karatasi. Sasa, si baada ya chakula. Andika kazi moja ambayo umeiahirisha kwa muda mrefu kuliko zote. Moja tu. Chini yake andika hatua ya kwanza inayoweza kufanyika leo kwa ulichonacho, bila mkopo, bila ruhusa ya mtu, bila kungoja mwezi uandame. Andika saa. Usiandike "jioni", andika saa kumi na mbili na nusu. Andika jina la mtu mmoja atakayekuuliza kesho kama umefanya, umpigie umwambie akuulize bila huruma.

Halafu tia sahihi. Jina lako kamili, lisomeke.

Umetia?

Ndege yako ni nzima. Mafuta yapo. Anga liko wazi, na saa inakimbia.

Fungua mlango wa banda, wewe! Utoke!